Kamba Iliishia kwa Mama Célestine

Jumatatu, tarehe 21, mwezi wa saba

Leo wamefunga kamba. Ya plastiki, nyekundu na nyeupe, inapigapiga kwa upepo wa ziwa. Imezunguka depo ya pamba, ile kubwa ya wakati wa Wabeleji yenye mabati yaliyooza, ikapita nyuma ya nyumba za avenyu yetu, ikafika kwenye nguzo ya ua wa Mama Célestine. Hapo wakapiga fundo. Fundo kubwa. Nyumba inayofuata baada ya fundo njo yangu.

Maana yake niliielewa kwenye mukutano. Enjenieri Mardochée, muntu mufupi mwenye kofia nyeupe na sauti ya padri, alisema depo itabomolewa kwa mashine yenye mudomo wa chuma. Kutakuwa na kelele. Kutakuwa na mutetemeko. Basi wote walio ndani ya kamba watakwenda kila asubuhi kwenye ukumbi wa parokia, watashinda huko, watakula huko, na jioni mashine ikinyamaza watarudi. Bukari, ule ugali wetu, maharagi, siku zingine samaki. Viti. Kivuli. Avenyu nzima pamoja, kama harusi isiyoisha.

Mimi niko nje ya kamba.

Nikanyoosha mukono. Nikauliza kama kelele inajua kusoma fundo. Watu wakacheka (ninachekesha, ni kipaji). Enjenieri hakucheka. Alisema mupaka lazima uwe mahali, na kwamba walio karibu na kamba watapewa vizibo vya masikio. Akanipa viwili, vya manjano, laini kama bukari ya mutoto. Jordan, kijana wa Mama Célestine, akapaza sauti: “Chérubin, kimoja weka mudomoni!” Wakacheka zaidi kuliko walivyocheka kwangu. Nilikuwa bado natafuta jibu wakati enjenieri alipoeleza saa za kazi. Sikusikia hata moja. Si shida. Saa za kazi ni mambo ya wenye kazi.

Kazi yangu mimi ni kulinda nyumba. Mama alivuka kwenda Kigoma kumusaidia dada yangu Consolate aliyejifungua. Alisema anarudi upesi. Mutoto sasa anatembea. Mimi bado nalinda.

Jumanne, tarehe 22

DUDUDUDUDU! Imeanza. Sahani zinaongea ndani ya kabati. Mende wamehama. Hata mende wamepata pa kwenda!

Asubuhi wote walipita mbele ya mulango wangu. Mama Célestine na beseni la mandazi kichwani. Jordan na ubao wa dama kwapani. Kinyozi na kiti chake. Watoto wakiimba. Nilisimama uani nikapiga muswaki polepole, kama mwenye avenyu. Walinipungia. Nikawapungia. Kisha tukabaki mimi na kuku wa Mama Célestine, naye hakutaka mazungumuzo.

Nilisoma hadi wa tatu sekondari. Watu wanasema minerval, pesa ya shule, ilikosa. Mimi nasema walimu waliishiwa. Kichwa kama hiki hakiwezi kushinda kinatikiswa peke yake kama debe. Lazima niingie ndani ya kamba.

Jioni Jordan alisimama kwenye ua wangu kunihurumia. Alisema walikula samaki wa mikebuka. Alisema amewafunga wote dama, hata katekista. Alisema wamama wametunga wimbo, na katikati ya wimbo kuna mahali pa kupiga kofi. Nikamwambia mimi nimepumzika vizuri sana, kimya kizuri. Kichwa kilikuwa bado kinalia duuu.

Jumatano, tarehe 23

Mupango wa kwanza. Mufupi, mukali. Nilimuomba Mama Célestine nimubebee beseni la mandazi. Alishangaa. Alisema tangu nizaliwe hajaniona nikibeba hata kijiti cha mujirani. Nikamwambia muntu anakua.

Nikaingia ukumbini nyuma ya mandazi! Hakuna aliyeuliza. Loo, ukumbi! Benchi zimepangwa mviringo, upepo unapita, mashine inasikika kwa mbali kama tumbo la muntu mwingine. Nilikaa karibu na kinyozi, akanieleza ugomvi wake na shemeji yake kuanzia mwanzo. Nilisikiliza wote. Nilipiga kofi mahali pa kupiga kofi. Sahani ilipofika nilikula kwa adabu, na ningekuwa bado huko kama nisingesimama kuomba ya pili.

Mama Anne-Marie wa jikoni anajua sura zote za parokia hii, na kila sura ilikula nini. Akaninyooshea mwiko. “Wee, si ni wa nje ya kamba?” Nikajibu kwamba mwili uko nje lakini moyo uko ndani. Akasema: “Basi moyo ubaki, tumbo liende nyumbani.” Walicheka hadi mandazi yakaanguka. Alisema akiniachia mimi, kesho Kalemie nzima iko hapa na sahani.

Nimerudi. Mashine imenikaribisha.

Alhamisi, tarehe 24

Nimekwenda kwa Enjenieri Mardochée mwenyewe, kwenye biro yake, ofisi ya mabati pale geti la depo. Nilibeba beseni la maji kama ushahidi, aone namna maji yanavyocheza kwangu. Nilipofika nusu ilikuwa kwenye suruali. Nusu nyingine ilitulia kimya kama imelipwa! Enjenieri akasema yeye hapimi kwa beseni. Lakini alisema kitu kimoja muhimu: vipimo vikionyesha nyumba yangu inatikisika kupita kiasi, kamba itasogezwa. Kamba itasogezwa! Njo neno nililotaka.

Muchana akamutuma Adija. Yeye njo kazi yake kuangalia kuta. Binti wa hapahapa, watu wake ni wale wa zamani wa biashara ya ziwa, wanaosali kwenye musikiti wa nyuma ya depo. Ushungi wa kijivu, viatu vikubwa vya kazi. Alifanya mambo mawili. Kwanza aliweka kisanduku sakafuni chini ya dirisha, akasema kinaandika kila kinachotikisika na saa yake, atakichukua Jumamosi. Pili, juu ya dirisha kuna ufa tangu mvua za zamani. Hapo juu ya ufa alibandika platri, ile chokaa inayokauka haraka, ukubwa wa biskwi, akaandika tarehe. Alisema inaitwa shahidi. Ukuta ukicheza, platri haijui kunyooka, inavunjika. Kila asubuhi na kila jioni atapita kuiangalia.

Kila asubuhi na kila jioni! Kuna watu wameoana hawaonani hivyo.

Aliuliza kama naishi peke yangu. Nikasema hapana, nyumba imejaa, wametoka kidogo. Akatazama sahani iliyokuwa inakauka dirishani. Moja. Nikamwambia wengine wanakula kwenye sufuria.

Ijumaa, tarehe 25

Kisanduku kinaandika kila kinachotikisika. Alisema mwenyewe. Basi tukipe cha kuandika!

Nilitoa kinu cha Mama, kile kikubwa, nikakiweka karibu na kisanduku kama mugonjwa na muganga. Nikachuma sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Mupango: mashine ikipiga, na mimi napiga. Nani atajua DUDU ipi ni ya nani? Mutetemeko wote utaandikwa kwa jina la mashine. Nilivaa vizibo vyangu vya manjano, maana kinu na mashine pamoja ni vingi kwa kichwa chenye akili. Nikashika muchi.

Nilitwanga kama bibi-harusi anayetazamwa na mama-mukwe. Jasho! Sakafu inaruka! Sombe ilikuwa imeshalainika, ikawa uji, ikawa maji ya kijani, bado natwanga. Nikahisi mukono begani. Nikageuka. Papa Swedi, muadhini wa musikiti, amesimama ndani ya nyumba yangu na kanzu nyeupe. Dirishani kuna wazee wengine wenye kofia za kufumwa. Midomo yake inacheza. Nikatoa kizibo.

Kimya. Kimya kabisa. Hakuna mashine!

Kumbe Ijumaa mashine inalala wakati wa sala. Walikubaliana na imamu, ilisemwa kwenye mukutano, kila muntu anajua. Kumbe muda wote huo, katika kwartie nzima iliyonyamaza kwa ajili ya Mungu, sauti ilikuwa moja tu, ya muchi wangu. Papa Swedi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliangalia ndani ya kinu, akauliza kwa upole: “Mwanangu, hii sombe imekukosea nini?”

Jumamosi, tarehe 26

Enjenieri Mardochée alikuja mwenyewe na karatasi ya kisanduku. Alisema mashine yake ikifika nyumbani kwangu ni kama kuku anatembea. Kiasi kizuri, hakuna hatari. Lakini jana, alisema, wakati mashine imelala, kumetokea hapa tetemeko ambalo hajaliona tangu aanze kazi. Akauliza kama nyumba ina mashine yake. Adija alikuwa nyuma yake, anaangalia dari.

Habari imefika ukumbini kabla ya chakula. Jordan amenibatiza Enjenieri Muchi. Watoto wanapita wakiimba, na wana mahali pa kupiga kofi.

Nimekula sombe. Ilikuwa ya kutosha avenyu nzima. Nilipochoka nikamupa kuku wa Mama Célestine. Alionja, akaenda zake.

Jumapili, tarehe 27

Hakuna mashine leo. Watu wote wako nyumbani. Nilifikiri nitashiba watu. Lakini kwenye bomba la maji wanaongea mambo ya ukumbi tu: nani alisinzia akaanguka na benchi, katekista alisema nini, kinyozi na shemeji yake wamepatana. Wakicheka nami nacheka, halafu nauliza ni nini. Ukieleza kichekesho kwa muntu ambaye hakuwepo kinakufa. Niliona kikifa mara nyingi leo.

Mama alipiga simu. Aliuliza hali. Nikasema nzuri sana, nyumba haikauki watu, juzi na jana tu walikuja wazee wa musikiti na enjenieri. Akafurahi. Alisema basi kama niko na watu, yeye hana haraka ya kurudi.

Mudomo huu!

Jumatatu, tarehe 28

Nimeamka na akili mupya. Kisanduku kina saa ndani yake. Lakini shahidi? Shahidi ni platri. Hana saa, hana macho, hana mudomo.

Nilingoja Adija apite asubuhi. Alipita, akaangalia, akasema iko nzima, akauliza kama nimekula. Alipotoweka kwenye kona nikapanda kwenye kinu, nikachukua kijiko changu kwa upande wa mukia. Tuk. Hakuna kitu. Tuk tuk. Kipande kikaanguka kwenye nywele zangu. Nikasema pole kwa platri, haikuwa ugomvi wangu na yeye.

Jioni alisimama chini ya dirisha muda mrefu. Aligusa kwa kidole. Aliangalia kidole. Aliniangalia mimi. Nikaweka uso wa muntu ambaye ukuta wake unakufa. Alisema: “Imevunjika.” Akatoka nje, akapunga mikono yote miwili kwa muntu wa mashine.

Mashine ikanyamaza katikati ya neno. DUDUDU du.

Sheria ni hiyo, alisema: shahidi akivunjika, mashine inasimama hadi wapime upya. Chuma kile chote, mafuta yale yote, watu wale wote na kofia zao! Na mimi, Chérubin, na kijiko! Kisha wafanyakazi wakaja, wakafungua fundo la Mama Célestine, wakavuta kamba, wakaifunga upande wa pili wa nyumba yangu.

Niko ndani! Nimefua shati. Kesho naingia ukumbini kwa mulango wa mbele, na Mama Anne-Marie atanipa ya pili bila kuomba.

Jumanne, tarehe 29

Shati limenyooshwa, nywele zimechanwa, kiti changu mwenyewe kichwani nisisumbue wenye benchi. Nilifika mapema. Sikutaka waanze bila mimi.

Mulango wazi. Ndani Mama Anne-Marie anafagia. Benchi zote zimepandishana ukutani. Nikamuuliza wengine wako wapi. Akasema wako kwao, watoke kufanya nini? Mashine imekatazwa, depo inavunjwa sasa na wanaume na nyundo za mukono, tok, tok, hata mutoto hawezi kuamka. Ukumbi umefungwa. Alisema kuna nyumba moja huko karibu na kuanguka, maskini mwenye nayo. Akatikisa kichwa. Nami nikatikisa. Tulimuhurumia pamoja, halafu akaniomba nipishe, afagie nilipokuwa nimesimama.

Kiti kilikuwa kizito wakati wa kurudi.

Tok. Tok. Kila muntu ndani ya ua wake. Milango imefungwa kwa ajili ya vumbi.

Jumatano, tarehe 30

Naandika yote, kuanzia asubuhi.

Asubuhi Mama Célestine aliingia bila kubisha, mukeka kwapani, sufuria kichwani. Nyuma yake kinyozi na kiti chake. Nyuma yao watoto. Papa Swedi na birika la kahawa ya tangawizi. Hata Jordan, na ubao wa dama! Kila muntu alipofika aliangalia ufa juu ya dirisha, akasema pole, akakaa. Kwetu muntu mwenye shida hakaliwi mbali. Wakija kukukalia wanakukalia kweli. Mama Célestine aliwaambia wote, nami nasikia, kwamba ukuta wa mutoto unakufa na mama yake yuko ng'ambo ya maji, tutamuacha kama mbuzi aliyefungwa sokoni? Akanigeukia: “Nawe, mutoto wa Mama Consolate, kwa nini hukusema uko peke yako?” Nikajibu siko peke yangu, mimi ni mulinzi. Akacheka, akanipa kichwa cha samaki. Kichwa! Kile wanachopewa wakubwa.

Ua ulijaa. Sahani hazikutosha, wakaenda kuazima. Muntu alikaa hata juu ya kinu. Wamama waliimba ule wimbo, na safari hii nilijua mahali pa kupiga kofi kabla hawajafika. Kinyozi alisimulia yule shemeji upya, kwa ajili yangu, kwa sababu nilikosa mwisho. Nilikuwa na kila kitu. Naandika hivi ili isemwe: kwa muda wa sufuria moja ya samaki, nilikuwa na kila kitu.

Halafu dama. Jordan akanifunga. Akanifunga tena. Alikula vizibo vyangu vya chupa kama njugu. Akasema kwa sauti ya mukutano kwamba sasa ameelewa kwa nini nyumba inatikisika: kichwa cha mwenyewe ni kitupu, upepo unaingia huku unatokea kule. Wote wakacheka, lakini kwa wema, kama wanavyomucheka wa kwao. Nilipaswa kucheka. Kicheko nilikuwa nacho tayari, kimefika kwenye meno.

Mudomo ukatangulia.

Nikasimama. Nikamwambia wewe unashinda vizibo vya chupa, mimi nimeshinda mashine! Mashine nzima! Nikauliza wanafikiri nani aliinyamazisha? Mutetemeko? Mutetemeko gani, hapa kuku ndiye anayetembea! Mimi, na kijiko hiki! Nikawaonyesha kijiko. Nikapanda kwenye kinu nikawaonyesha namna nilivyopiga, tuk, tuk tuk. Nikainua mikono. Nikangoja.

Tok, kule kwenye depo. Tok.

Mama Célestine aliuliza polepole, kama muntu anayehesabu muchele: kumbe ukumbi ulifungwa kwa sababu ya nani? Mandazi yake yalikuwa yanakwisha kila siku kule, hata makombo. Kinyozi aliuliza kama basi ukuta ni muzima. Nikasema muzima kabisa! Nilisema kwa furaha, nilidhani ni habari njema.

Mama Célestine alikunja mukeka watu wakiwa bado juu yake. Alichukua sufuria ingawa samaki walikuwa bado. Papa Swedi alimaliza kahawa yake, akaniombea Mungu, maombi marefu, akaondoka na birika. Watoto walivutwa mikono. Jordan aliokota vizibo vyake kimoja kimoja, akafunga ubao. Nilingoja anitukane. Alipita.

Hata Jordan hakunitukana.

Alhamisi, tarehe 31

Maneno yangu yalifika kwa enjenieri jana hiyohiyo. Kamba imerudi kwenye nguzo ya Mama Célestine. Ukumbi umefunguliwa. Mashine imerudi. DUDUDUDU. Asubuhi walipita wote. Nilipiga muswaki. Kinyozi alipunga kidogo, kisha akakumbuka, akajikuna.

Adija alikuja kubandika shahidi mwingine. Nikamuuliza kama siku ile alijua. Akasema ukuta ukivunja platri unaacha mustari mwembamba kama unywele. Yangu ilimenyeka kama biskwi iliyokaliwa na mutoto, na juu yake palikuwa na sombe. Nikamuuliza sasa kwa nini alisimamisha mashine. Alisema platri ikivunjika unasimamisha kwanza, maswali baadaye. Siku moja inaweza kuwa kweli, na ndani kuna muntu analala.

“Muntu mumoja,” akasema.

Akanieleza pia, huku anafuta mikono, kwamba njo yeye aliyepita kwa Mama Célestine na kumwambia kuna kijana anaishi peke yake hapa, na sahani moja. Kumbe hawakuja kwa sababu ya kijiko tu! Nikamwambia angenifahamisha mapema, ningevaa lile shati lililonyooshwa.

Aliniangalia kama anavyoangalia ufa. Akaandika tarehe, akaenda.

Ijumaa, tarehe 1, mwezi wa nane

Siku ya wazazi, walio hai na waliokufa. Hakuna kazi, hakuna mashine. Muji wote uko makaburini na majembe, baadaye watakula pamoja.

Nilikwenda kwa Papa wangu. Niling'oa majani, nikafuta musalaba. Nilimueleza habari yote ya kijiko, kuanzia fundo. Papa hakukunja mukeka.

Simu ya Mama haikupita. Mutandao.

Jumatano, tarehe 6

Ukuta wa mwisho wa depo umeanguka leo. Watu wote walikuja kuona, nyuma ya kamba. Walimwagia maji ili vumbi lisituingie kifuani, mashine ikasukuma kwa mudomo wake, na ukuta ukalala chini kama muzee aliyechoka. Kwa mara ya kwanza ziwa linaonekana kutoka kwenye mulango wangu. Watu walishangilia. Nilishangilia pia, upande wangu.

Shahidi wangu hakuvunjika. Siku zote hizi, mashine yote ile, hata unywele. Nyumba ngumu. Adija aliing'oa kwa patasi ndogo, akapiga ukuta kofi mbili kama anamusifu ng'ombe wa Pepa kule milimani, akanitakia heri. Wamekunja kamba. Wamepandisha mashine kwenye lori.

Kimya. Sahani zimenyamaza kabatini. Hata mende hawajarudi.

Jumamosi, tarehe 9

Habari! Habari kubwa!

Kwa kinyozi (ananinyoa, haongei na mimi, lakini anaongea na wengine juu ya kichwa changu) nimesikia kwamba watabomoa magazini ya zamani, ghala la sukari, kule upande wa daraja la Lukuga. Mashine ileile. Kofia zilezile. Adija na kuta zake. Na watu wa huko watapelekwa kushinda kwenye shule, na watapikiwa!

Sikungoja kinyozi amalize. Nimetoka nusu ya kichwa imenyolewa. Nyumba iliyogusana na hiyo magazini ni ya Papa Déogratias, mujane, zamani mupishi wa meli, sikio moja halisikii. Nimemwambia mimi ni kijana wa adabu, ninayetafuta chumba. Nikamuuliza ni kipi kilicho karibu kabisa na ukuta. Akasema kile ambacho hakuna muntu anakitaka. Nimekichukua! Aliuliza nina watu wangapi. Nikasema wengi, wanakuja nyuma.

Nimeangalia. Juu ya mulango kuna ufa muzuri sana. Unangoja shahidi tu.

Safari hii nimeelimika. Hakuna kijiko. Ukuta unaacha mustari mwembamba kama unywele, basi nimenunua wembe. Adija mwenyewe atapiga magoti. Tena sitasema. Hapana! Mudomo nimeushona. Sitasema kwa muntu yeyote, hata wanipe kichwa cha samaki.

Labda kwa muntu mumoja. Siku ua ukijaa, watu wameshiba, wanacheka. Jambo tamu kama hili, muntu atalibeba namna gani peke yake?